Nani Aamke Kwanza

Kata ya Lyamkena imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, pale barabara kuu ya kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita jirani. Mji wa njia panda haungoji mtu. Shamba la mahindi ambalo jana lilikuwa porini linaweza kuamkia leo katikati ya nyumba, fremu za maduka na gereji. Tuseme mwenye shamba hilo hana hati. Babu alifyeka, baba akalima, yeye anaendelea. Mpaka wake ni mstari wa milingoti upande mmoja na mfereji upande wa pili, na majirani wote wanaujua. Siku moja anatokea mtu mwenye viatu safi na mkoba, anamuuliza: hati yako iko wapi? Mkulima anajikuna kichwa, maana hana. Wengi wetu tukisikia kisa hiki tunamhurumia tukidhani tayari ameshindwa. Hajashindwa. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro, kwa kuwa linachukulia kwamba haki ya ardhi huzaliwa na karatasi.

Wanasheria wana maneno mawili ya Kilatini kwa jambo hili: ipso jure, yanayosomwa ipso yure. Maana yake ni "kwa sheria yenyewe". Kanuni ya namna hiyo haingoji ombi, muhuri, sahihi ya ofisa wala hukumu. Likitimia jambo fulani, basi haki imekwisha kuzaliwa, au imekwisha kufa, wenyewe wajue wasijue. Chukua mfano wa soko la mahindi. Mwenye lori anamdai mfanyabiashara nauli ya shilingi 200,000, na mfanyabiashara huyo huyo anamdai mwenye lori shilingi 300,000 za mahindi. Je, madeni haya yamekatana yenyewe, ikabaki 100,000 tu, au yote mawili yako hai mpaka mmoja aseme "tukatane"? Mfalme Justinian wa Roma ya Mashariki aliamuru mwaka 531 kwamba madeni ya namna hii yakatane ipso jure. Ungedhani mjadala uliishia hapo. Karne sita baadaye wanazuoni wa Bologna walikuwa bado wanabishana: Martinus akisema madeni hufa yenyewe bila tendo la mtu, Azo akisema hapana, lazima mmoja afungue mdomo. Wafaransa katika sheria yao ya 1804 wakaandika kwamba madeni hukatana hata wadaiwa wasipojua. Wajerumani, ambao sheria yao ilianza kutumika mwaka 1900, wakataka mtu atamke.

Ubishi wa karne nyingi juu ya maneno mawili unaweza kuonekana ni mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini tazama kilichokuwa kinagombewa. Sheria haina miguu ya kwenda shambani wala mkono wa kung'oa bikoni. Hata ile "inayojitekeleza" mwishowe humhitaji mtu wa kuitaja mbele ya baraza, hakimu au spika. Kwa hiyo kusema kanuni fulani hufanya kazi yenyewe hakumaanishi kwamba hakuna mtu atakayesumbuka. Maana yake ni kwamba sheria imekwisha kuchagua nani alale na nani aamke. Anayependelewa na kanuni analala. Anayeipinga ndiye atakayeacha jembe, atafute nauli, atafute wakili na kupanga foleni. Kanuni yoyote inayojitekeleza inafaa kupimwa kwa kipimo hicho, na mimi nitakwenda mbali kidogo: sheria inapompa mtu haki akiwa amelala, haijamkosea yeyote, inapomnyang'anya akiwa amelala, inahitaji sababu nzito sana, na mara nyingi haina.

Turudi shambani. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipotunga sheria ya ardhi ya Tanganyika mwaka 1923 iliweka ardhi yote mikononi mwa Gavana, na haki ya kuitumia ikawa ni kitu cha kutolewa. Mkulima wa kiafrika aliyelima kwa mila alionekana kana kwamba yupo kwa hisani. Mwaka 1928 tafsiri ya haki hiyo ilipanuliwa, ikaingiza pia umiliki wa mwenyeji anayeitumia ardhi kwa mujibu wa mila zake. Hakuna mkulima aliyeitwa ofisini, hakuna aliyejaza fomu. Maneno machache yalichapishwa Dar es Salaam, na mtu aliyekuwa analima ulezi Ubena, upande wa Njombe, akawa na haki inayotambulika, pengine siku hiyo hiyo akiwa anapalilia. Ndiyo maana wanasheria wakaiita haki "inayohesabiwa kuwapo": sheria inamhesabu mtu kuwa amepewa, ingawa hakuna aliyempa. Sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zikakaza zaidi. Sheria ya vijiji, kifungu cha 18, inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi na nguvu sawa kwa kila hali na ile iliyotolewa na serikali. Hati ya kimila, ile ambayo kijiji huitoa na watu huiweka ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, inathibitisha haki hiyo. Haiizai.

Hapa ndipo wapimaji na watu wa benki huguna. Haki isiyo na karatasi, wanasema, ni mwaliko wa fujo: shamba moja huuzwa mara mbili, mpaka husogezwa usiku, ndugu wanageukana msiba ukiisha tu. Wana hoja. Atakayenunua shamba kwa maneno ya mwenyekiti na mashahidi wawili bila kuwauliza majirani wa pande zote nne anajitafutia kesi, na mkopo hautolewi kwa ushahidi wa milingoti. Lakini tuangalie dawa wanayoitaka wengine wao, yaani kwamba asiye na hati ahesabiwe hana kitu. Dawa hiyo haiondoi fujo, inachagua tu mshindi kabla ya mchezo. Mwenye nauli ya kwenda ofisi ya ardhi mara tano, anayejua kusoma mchoro wa mipango miji na kumpigia simu mpimaji, ndiye atakayefika kwanza na karatasi. Mjane anayelima ekari mbili hatafika. Kwa kumhesabu kuwa na haki tayari, sheria inamgeuzia mzigo yule mwenye mkoba: wewe unayetaka kumtoa, wewe ndiye uamke. Hati na itafutwe, tena mapema, maana ushahidi wa wazee hufa na wazee. Ila kuitafuta kuwe ni kuilinda haki, kusigeuke kuwa sharti la kuwa nayo.

Kanuni hiyo hiyo ikigeuzwa upande wa pili inakuwa panga. Mwishoni mwa 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni. Mtu aliacha shamba lake likawa hame, akagawiwa la mwenzake alikohamishiwa. Miaka ya 1980 wengi walikwenda mahakamani kudai mashamba ya zamani, hasa upande wa Arusha, na baadhi wakashinda. Serikali ikaona vijiji vyote vitafumuka. Kwa hiyo wakati Tume ya Rais ya masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji imetoka tu kukabidhi ripoti yake Novemba 1992, ikaanza kutumika, tarehe 28 Desemba mwaka huo huo, Sheria Na. 22 ya umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila za kabla ya operesheni, ikazuia fidia isipokuwa kwa maendelezo yaliyokuwa juu ya ardhi, ikafunga mlango wa mahakama, ikakatisha kesi zilizokuwa zinasikilizwa na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Mtu aliyeshinda kesi aliamka siku moja akiwa ameshindwa, na hakuna hakimu aliyemwambia.

Miongoni mwao walikuwa baba na mwana wa kijiji cha Kambi ya Simba, Arusha, waliokuwa wameshinda kesi na kurudishiwa shamba. Kesi yao ya kikatiba, ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huifahamu kwa jina la Lohay Akonaay, ilifika Mahakama ya Rufani kwa rufaa ya Mwanasheria Mkuu, na hukumu ikatolewa Desemba 1994, ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Serikali ilijenga hoja kwamba haki ya kimila si mali, ni ruhusa tu ya kutumia. Mahakama ikajibu kwamba kama hivyo ndivyo, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara ni maskwota katika nchi yao wenyewe. Ikasema haki hiyo ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kuichukua bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Tena fidia haiishii kwenye nyumba na miti. Hata jasho lililomwagwa kulifyeka pori lina thamani, na hapo Jaji Mkuu akaegemea andiko la Nyerere la 1958 kuhusu ardhi na kazi ya mtu. Kuna kejeli kidogo humo: sera ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyowahamisha watu, na maneno ya Mwalimu ndiyo yaliyowatetea.

Haitoshi kuishangilia hukumu hiyo, kwa sababu hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Kama kila aliyehamishwa angerudi kwenye hame lake, aliyegawiwa shamba hilo kihalali mwaka 1975, akalilima karibu miaka ishirini na kuzalia watoto hapo, angekwenda wapi? Hivi nani mvamizi kati ya wawili hao? Nchi haiwezi kuishi kwa kufukua makaburi. Lakini hukumu haikusema serikali isifute haki kamwe. Ilisema inapofuta ilipe, na isimzuie anayefutiwa kwenda kulalamika. Ugomvi wa hame moja unaweza kumalizwa kwa fidia kwa huyu na uthibitisho kwa yule. Kilichoharibu sheria ya 1992 ni uvivu wake: ilitaka mamilioni ya haki yafe kwa mstari mmoja wa maandishi, bila barua, bila kikao, bila shilingi.

Kwa mkazi wa Lyamkena hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine, nayo hufika kwa upole. Mji unapopanuka, eneo hutangazwa kuwa la mipango miji, viwanja hupimwa, bikoni huzikwa. Je, haki ya kimila hufa siku ya tangazo? Katika kesi ya Mwalimu Omari dhidi ya Omari Bilali, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1990, Mahakama Kuu ilisema kwamba eneo likishatangazwa, likapimwa na kugawanywa viwanja, aliyekuwepo kwa mila afanye haraka kuomba kiwanja. Akisinzia na kiwanja kikapewa mwingine, anageuka skwota kisheria, na haki yake imezimwa na ile aliyopewa mwenzake. Pima maneno hayo kwa kipimo chetu. Jana mwenye mkoba ndiye aliyetakiwa kuamka, leo ni mkulima. Na tangazo lenyewe limebandikwa wapi? Kwenye Gazeti la Serikali, ambalo hata mjini ni wachache waliowahi kulishika, na kwenye ubao wa matangazo ambao mvua ya Njombe haiuonei huruma.

Mtetezi wa mipango miji atasema mji hauwezi kupangwa kwa kumbembeleza kila mtu, na kwamba asiyeitikia matangazo ajilaumu. Sheria haimsaidii aliyelala. Msemo huo ni wa kweli kwa aliyeamshwa akavuta blanketi. Kwa asiyeamshwa ni dhihaka. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka miongoni mwa misingi yake kwamba mtu ambaye haki yake inachukuliwa alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka, na msingi huo hauna maana kama haki inaweza kuzimika kabla mwenyewe hajajua kuna kitu cha kulipwa. Kumjulisha mwenye shamba ambaye mpimaji anapita katikati ya mahindi yake si kazi ngumu. Anamwona. Pengine ameomba kwake maji ya kunywa.

Kipimo hiki kinasaidia pia kusahihisha imani mbili zinazosikika sana vijiweni. Ya kwanza ni kwamba ukilima shamba la mtu miaka kumi na miwili, linakuwa lako lenyewe. Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai, na akizidisha, mlango wa kudai unaweza kufungwa. Lakini umiliki hauhami kimya kimya kwenda kwa aliyekaribishwa. Katika rufaa Na. 193 ya 2016, kati ya masista wa Roho Mtakatifu na wanakijiji zaidi ya mia, Mahakama ya Rufani iliorodhesha masharti mazito, na wanakijiji wakashindwa. Aliyeingia kwa ruhusa, aliyeazimwa, mjukuu aliyeachiwa alinde: hawa hata wakikaa miaka arobaini ni wageni. Ya pili ni kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili wameoana. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema tu kwamba wakiishi hivyo, na jamii ikawatambua kuwa mke na mume, itadhaniwa wameoana, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria haikuwaozesha. Imemwambia anayekana ndoa: amka wewe uthibitishe. Kwa mwanamke anayefukuzwa baada ya miaka kumi ya kuchuma pamoja, tofauti hiyo si ndogo.

Kama bado unadhani kanuni inayojitekeleza hufanya kazi sawa kwa wote, tazama Bunge. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Hakuna neno "spika akipenda". Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama, na Spika akatangaza mara moja kwamba viti viko wazi. Novemba 2020 Chadema ikawavua uanachama wabunge 19 wa viti maalumu, akiwamo Halima Mdee. Mei 2022 Baraza Kuu la chama likakataa rufaa zao, wakaenda Mahakama Kuu, ambayo Desemba 2023 ilitengua uamuzi huo wa Baraza Kuu. Muda wote huo waliendelea kuketi. Simlaumu mtu kwa kwenda mahakamani. Kwa hoja yangu mwenyewe, anayenyang'anywa ana haki ya kusikilizwa, na wanane wale walistahili muda sawa. Ninachosema ni kwamba maneno yale yale ya Katiba yalikwenda kwa mwendo wa risasi mara ya kwanza na kwa mwendo wa kobe mara ya pili, na katikati yake alikuwapo mtu mwenye mamlaka ya kuyatamka.

Hata Katiba yenyewe hulala. Ibara ya 64 inasema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kadiri inavyokiuka. Hata hivyo vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, vilitumika mpaka Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019 na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha, kwa sababu Ibara ya 30 inaruhusu kutoa muda badala ya kuua sheria papo hapo. Mwaka ukaisha bila marekebisho. Aliyetakiwa kuamka muda wote huo, kwa hesabu ya karatasi, ni msichana wa miaka 15.

Mkulima wetu wa Lyamkena ana nafuu kuliko huyo msichana. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata haliamui tena kesi ya ardhi. Linasuluhisha tu, na suluhu ikishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko atakuta viti viwili, cha mdai na cha mdaiwa. Kama yule mwenye mkoba ndiye aliyefungua shauri, yeye ndiye atakayesimama kwanza na kutakiwa kuthibitisha. Mkulima atasikiliza, kisha ataitwa, na ataombwa aeleze alivyolipata shamba. Hapo ndipo milingoti, mfereji na majirani wa pande nne watakapokuwa na kazi. Lakini kama alisubiri mpaka kiwanja kikapewa mtu mwingine na ofa ikatoka, atakuwa kwenye kile kiti cha kwanza, na nauli ya kufika pale itakuwa imetoka mfukoni mwake.